Sakafu ya mbao: hasara huanzia kwenye zege

Na Mwandishi wa Safu ya Soko, Dar es Salaam

MFANYABIASHARA mmoja wa vipuri vya magari wa Kariakoo, ambaye jina lake tunalihifadhi, alijenga nyumba ya kupangisha Mbezi Beach kwa fedha aliyoikusanya kidogo kidogo kwa zaidi ya miaka mitano. Alipofika kwenye sakafu aliona kwamba marumaru kila mtu anazo, akaamua sebule na vyumba viwili viwekwe mbao za mtiki, zibandikwe kwa gundi moja kwa moja juu ya zege. Kazi ilikwisha Februari, na wageni walikuwa wakivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Mpangaji akaingia Machi. Masika yaliposhika, mbao za sebuleni zikaanza kunyanyua kingo zake, kila ubao ukawa kama kisosi, na kufikia Juni sehemu ya katikati ilikuwa imebanduka na kulia kila ikikanyagwa. Mpangaji akaomba kupunguziwa kodi, kisha akahama.

Muuza mbao alisema mbao zake zilikuwa kavu, na kweli zilikuwa kavu. Muuza gundi alisema gundi yake haikupitwa na muda, na kopo lilionyesha hivyo. Fundi alisema aliweka alichopewa. Wote watatu walikuwa wakisema kweli, na hapo ndipo ugumu wa kesi ulipo, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyejiuliza zege lililokuwa chini lilikuwa na maji kiasi gani. Walipovunja pembe moja ya sebule walikuta jamvi limemwagwa moja kwa moja juu ya kifusi, bila nailoni. Juu yake kulikuwa na tabaka la mchanga na saruji la kusawazishia, ambalo lilikuwa na umri wa wiki saba tu siku mbao zilipobandikwa.

Wiki hii safu yetu inaweka kando bei za saruji na nondo ili kuangalia jambo hili, kwa kuwa wasomaji wetu wengi wamo ndani yake kwa namna moja au nyingine. Wapo wanaouza mbao, wapo wenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na wapo wanaojenga vyumba vichache vya kupangisha iwe akiba ya uzeeni. Kwa wote hao, sakafu ya mbao ni biashara ambayo faida yake inaonekana juu na hasara yake imelala chini, mahali ambapo mteja haoni na muuzaji hapendi kupaangalia.

Mapipa mawili sebuleni

Tufanye hesabu kama tunavyofanya ya duka. Tuchukue sebule ya mita za mraba 40 yenye jamvi la unene wa sentimita 10. Hizo ni mita za ujazo 4 za zege. Kwa mchanganyiko wa mifuko sita na nusu ya saruji kwa kila mita ya ujazo, utatumia mifuko 26, yaani kilo 1,300. Mafundi wetu wanapenda zege laini linalokwenda lenyewe, kwa hiyo tuseme maji ni asilimia 60 ya uzito wa saruji, sawa na lita 780. Saruji ikikomaa hufunga ndani yake maji yapatayo robo tu ya uzito wake, yaani kama lita 325. Zinabaki lita 455. Hayo ni mapipa mawili na zaidi ndani ya sakafu ya sebule moja, na sakafu hiyo ukiipapasa kwa kiganja utasema ni kavu kabisa.

Sehemu ya maji hayo hubaki katika vitundu vya zege miaka yote. Sehemu nyingine hutafuta njia ya kutoka, na kama chini kuna nailoni nzuri, njia ni moja tu, kwenda juu. Ukibandika mbao kabla hayajatoka, yatapita kwenye gundi. Tena hayapandi peke yake, hupanda na chumvi kali za saruji ambazo gundi nyingi hazizivumilii kwa muda mrefu. Upande wa chini wa ubao unanyonya maji na kuvimba, upande wa juu unakaushwa na hewa ya chumba, na ubao hauna la kufanya ila kujikunja.

Hapa kuna kosa ambalo tumelisikia kwa watu wengi, hata waliosoma. Husema zege likifikisha siku 28 liko tayari. Siku 28 ni kipimo cha nguvu. Ndio umri ambao wahandisi hupima zege kuona kama limefikia uimara uliokusudiwa, na hauhusiani na ukavu. Uingereza mafundi hutumia kanuni ya kukisia kwamba zege au tabaka la saruji hukauka milimita moja kwa siku hadi unene wa milimita 50, na likizidi hapo mwendo hupungua sana. Wamarekani nao hukisia mwezi mmoja kwa kila inchi. Kwa jamvi la sentimita 10, kanuni ya Wamarekani inakupa miezi minne hivi, na ya Waingereza inaweza kukupeleka nusu mwaka na zaidi. Kanuni zote mbili zinachukulia kwamba nyumba imeezekwa, madirisha yamefungwa na hakuna mtu anayemwaga maji sakafuni. Siku mpaka rangi anapoosha ndoo zake juu ya jamvi, saa ya kuhesabu inaanza upya.

Pwani ni habari nyingine

Kanuni hizo za kigeni zinaficha jambo moja ambalo mwekezaji wa Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar au Mombasa lazima alielewe kabla ya kutoa hata shilingi. Zege haliwezi kukauka kupita hewa inayolizunguka. Ni kama chumvi kwenye kopo lisilo na kifuniko: siku za kiangazi inamwagika vizuri, masika yakifika inashikamana, na hakuna muda wa kusubiri utakaoibadilisha kopo likiwa wazi.

Kiwango ambacho watengenezaji wengi wa gundi na vyama vya mafundi wa sakafu za mbao vya nje hukitaka ni kwamba unyevu ndani ya zege usizidi asilimia 75. Sasa, hewa ya pwani yetu wakati wa masika mara nyingi huwa juu ya asilimia 80. Ukiacha madirisha wazi na kusubiri, utasubiri hadi ujukuu. Tumewasikia wamiliki wakijisifu kwamba waliacha zege mwaka mzima. Mwaka ni mzuri, lakini kama nyumba ilikuwa wazi wakati wa mvua, mwaka huo haukuwapa kile walichodhani wamekinunua.

Njia zilizopo ni mbili. Ya kwanza ni kufunga nyumba, kuwasha viyoyozi na kuviacha vifanye kazi kwa wiki kadhaa, ili zege liizoee hewa ambayo litaishi nayo. Maana yake, ndugu msomaji, ni kwamba madirisha ya vioo, umeme na viyoyozi vinatangulia na sakafu ya mbao inakuja mwisho kabisa, baada ya rangi. Kwenye ratiba za ujenzi wetu mara nyingi mambo ni kinyume, kwa kuwa kiyoyozi kinaogopwa kuibiwa. Njia ya pili ni kuziba zege kwa tabaka mbili za epoksi, ambazo huzuia maji yasipande. Tabaka la pili likiwa bado bichi hunyunyiziwa mchanga mkavu na safi, ili likikauka liwe na ukwaruzo wa kushika gundi. Epoksi iliyobaki laini kama kioo gundi itaiacha.

Aliye Dodoma ana nafuu, kwani hewa yake ni kavu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Hata hivyo, asiache kupima.

Namna ya kupima

Kipimo cha bei nafuu kuliko vyote ni kipande cha nailoni ngumu inayopitisha mwanga, sentimita 45 kwa 45, kinachobandikwa sakafuni kwa gundi-tepu pande zote nne na kuachwa kwa saa 16 au zaidi. Ukikibandua ukakuta matone au zege limebadilika rangi likawa jeusi, usiendelee. Lakini usipokuta kitu, usifurahi mapema. Kipimo hiki kinaweza kukuambia kwamba maji yapo, ila hakina uwezo wa kukuhakikishia kwamba hayapo, kwa sababu mengine yamelala chini zaidi na yatapanda taratibu baada ya sakafu kufunikwa. Kwa maoni yetu, kitumike kumkatisha tamaa mwenye haraka, kisitumike kumpa ruhusa.

Kipimo kinachoheshimika leo ni cha kutoboa. Shirika la viwango la Marekani, ASTM, lilitoa utaratibu wake mwaka 2002, na sehemu nyingi duniani wanaufuata. Unatoboa tundu kwa drili hadi asilimia 40 ya unene wa zege linalokauka upande mmoja, yaani sentimita 4 kwa jamvi la sentimita 10. Unasafisha vumbi, unatia mrija na kizibo, unaacha saa 24, kisha unasoma kwa kifaa cha kupima unyevu. Kina hicho hakikuchaguliwa ovyo. Unyevu unaousoma hapo unakaribia ule ambao zege zima litakuwa nao likishafunikwa na maji yakajisambaza upya kutoka chini hadi juu. Anayepima usoni tu anapima ngozi.

Wajerumani wana mtindo wao, na huu mafundi wetu wa kuchomelea wataucheka kwa kuutambua. Wanachimbua kipande cha tabaka la saruji, wanakisaga, wanakipima uzito na kukitia kwenye chupa ya chuma pamoja na kabaidi, ileile ambayo ikikutana na maji hutoa gesi ya kuchomelea. Kadiri maji yalivyo mengi ndivyo presha inavyopanda kwenye geji ya chupa. Kwa tabaka la mchanga na saruji mpaka wao wa kubandika mbao ni asilimia 2. Ubaya wake ni kwamba unaacha shimo. Uzuri wake ni kwamba jibu linapatikana palepale bila kusubiri kesho.

Tundu moja halitoshi. Pima karibu na ukuta wa bafu, pima karibu na ukuta unaoelekea upande wa mvua, na pima katikati. Kwa nyumba zilizo katika maeneo ya chini ambako maji ya ardhini hayako mbali, kama sehemu za Mikocheni na Msasani, jamvi la chini lisilo na nailoni ya geji 1000 litaendelea kunyonya maji kutoka mchangani hata baada ya miaka 20. Huko usihesabu umri wa zege. Ghorofa ya pili ni salama zaidi, kwani maji yake ni yale tu iliyomwagwa nayo.

Niru, adui mwenye sura nzuri

Nyumba nyingi za zamani, na hata mpya, sakafu zake zimepigwa niru. Ni kazi ya ufundi na inapendeza, lakini kwa gundi ni balaa. Niru ni ngozi nyembamba ya saruji tupu, laini na iliyoziba, na mara nyingi haikushikana sana na kilicho chini yake. Gundi itashika niru, na niru itaachana na sakafu. Unapobandua ubao ulioharibika ukakuta mgongo wake una ganda la saruji la kijivu, ujue gundi haikuwa na kosa.

Vipimo vya uso havigharimu kitu. Dondosha matone ya maji sehemu mbalimbali: yakinyonywa, zege liko wazi, yakikaa kama shanga, kuna niru, mafuta, nta au rangi. Kwaruza kwa msumari: ukipata alama nyepesi ni sawa, ukipata unga na mchanga, tabaka hilo ni dhaifu. Pitisha fimbo ya chuma au gonga kwa mpini wa nyundo, na pale panapolia kama mtungi mtupu pamebanduka na lazima pavunjwe. Dawa ya niru na madoa ni mashine ya kusagia zege, siyo asidi. Asidi inaongeza maji na kuacha chumvi, na tumeona fundi akiimwaga sebuleni kama anaosha choo. Baada ya kusaga, vumbi lifyonzwe kwa mashine, kwa sababu ufagio hulihamisha tu kutoka kona moja kwenda nyingine. Kwenye majengo ya miaka ya 1960 na 1970 yenye vigae vya plastiki na gundi nyeusi ya lami, uangalifu uwe mkubwa zaidi: vigae hivyo na gundi yake vinaweza kuwa na asbesto, na havisagwi vikavu hata kidogo.

Kuhusu usawa, pana kutoelewana kunakoleta ugomvi mwingi. Fundi huja na pima maji, povu linakaa katikati, anasema sakafu imenyooka. Pima maji inaeleza kama sakafu imelala mlalo. Ubao hauna haja sana na mlalo. Unachotaka ni uso bapa usio na mabonde na vilima. Sakafu inaweza kuinama kidogo kuelekea mlangoni na mbao zikakaa vizuri, na inaweza kuwa na povu katikati huku ina shimo la kuweka yai. Mpaka unaokubalika ni milimita 3 katika urefu wa mita 1.8, au milimita 5 katika mita 3. Chukua rula ya alumini ya mita mbili, ilaze sakafuni upande upande, mwenzio amulike tochi kutoka nyuma. Mwanga unapopita ndipo penye bonde. Vilima vinasagwa, mabonde yanajazwa kwa unga maalumu wa kusawazisha ambao ukichanganywa na maji hujitandaza wenyewe, nao pia upewe siku zake za kukauka. Kujaza bonde kwa gundi nene ni kutupa fedha, maana gundi hiyo haitakauka vizuri na ubao utacheza.

Nyufa ndogo zilizotulia hujazwa. Maungio ambayo mhandisi aliyaacha makusudi ili jengo lipumue yasifunikwe kwa gundi, yabebwe hadi juu.

Mbao nazo zina hesabu yake

Mninga, mkongo na mtiki vinajulikana kwa kutulia, na ndiyo maana seremala mzuri atavitaja kabla ya mkaratusi, ambao huvimba na kusinyaa kwa fujo. Lakini hata mtiki una mipaka. Mbao iliyokaushwa kwa hewa ya Dar es Salaam hutulia kwenye unyevu wa kama asilimia 15. Chumba chenye kiyoyozi cha kutwa kinaivuta hadi karibu asilimia 10. Ubao wa mtiki wenye upana wa milimita 100 ukishuka hivyo, husinyaa karibu milimita moja. Inaonekana kidogo, ila chumba cha upana wa mita 4 kina mbao 40, na hizo milimita zinageuka mianya ambayo sarafu inaingia. Kwa hiyo mbao zifunguliwe na kupangwa ndani ya chumba kilekile, kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi, mpaka kipimo cha unyevu kionyeshe kwamba zimetulia. Pembeni mwa kuta ubaki mwanya wa milimita 10 hadi 15, ambao skating itaufunika.

Na kama mbao zimeshakunjika kama visosi, mwenye nyumba asikubali ushauri wa haraka wa kupiga msasa ziwe bapa. Zina maji chini. Ukisaga kingo leo, maji yakija kutoka, kila ubao utabaki umevimba katikati, na sasa utakuwa umelipia uharibifu wa pili.

Gundi nayo ihesabiwe. Kwa kawaida mita moja ya mraba hula kama kilo moja ya gundi ikitandazwa kwa mwiko wenye meno unaofaa. Sebule ya mita 40 iliyokwisha kwa kilo 25 ina sehemu zenye upepo chini. Hesabu ndoo tupu kabla hazijatupwa.

Nani analipa?

Sasa turudi kwenye fedha. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, mbao, gundi na ufundi vinakugharimu shilingi 150,000 kwa mita ya mraba. Msomaji aweke bei ya wiki yake. Sebule ya mita 40 ni shilingi 6,000,000. Ikibanduka, unazipoteza hizo, na nyumba inakaa tupu labda miezi mitatu ya kubomoa, kukausha na kurudia. Kwa kodi ya shilingi 800,000 kwa mwezi ni 2,400,000 nyingine. Jumla 8,400,000, bila gharama ya kung'oa gundi ya zamani, ambayo ni kazi ya jasho.

Upande wa pili, kusubiri miezi miwili ukipima kunakugharimu kodi ya 1,600,000. Epoksi, tuseme kwa shilingi 30,000 kwa mita, ni 1,200,000 na inakuchelewesha siku chache. Ukiigawanya 1,200,000 kwa 8,400,000 unapata moja ya saba. Maana yake, kama unaona uwezekano wa sakafu yako kuharibika unazidi mara moja katika saba, epoksi imeshajilipia. Kwa jamvi la chini lisilo na nailoni, pwani, tabaka la saruji likiwa na wiki saba, hatumjui mtu makini ambaye angecheza kamari hiyo kwa fedha yake mwenyewe.

Tatizo ni kwamba mara nyingi inachezwa kwa fedha ya mwingine. Muuza mbao ameshalipwa, muuza gundi ameshalipwa, na fundi amechukua malipo ya mwisho siku anayopaka vanishi, wakati dosari huchukua mvua moja nzima kujitokeza. Katika mikataba mikubwa ya ujenzi sehemu ya malipo hushikiliwa hadi muda wa kuangalia kasoro upite. Hakuna sababu mwenye nyumba mdogo asifanye vivyo hivyo, akaandika kwenye karatasi ya makubaliano kwamba asilimia fulani italipwa baada ya masika. Fundi anayejiamini atakubali, ila naye ana haki ya kudai kitu: vipimo vya zege viandikwe, tarehe, mahali pa kila tundu, namba iliyosomwa, na pande zote mbili zitie sahihi kabla ndoo ya kwanza ya gundi haijafunguliwa. Dhamana nyingi za watengenezaji wa gundi zina sharti hilohilo. Bila kumbukumbu za vipimo, dai lako litakataliwa kwa barua ya adabu.

Kwa mfanyabiashara, tunaona hapa nafasi ambayo haijajaa watu. Mashine ya kusagia zege yenye kifyonza vumbi, kifaa cha kupima unyevu na drili ni mtaji ambao watu wawili au watatu wanaweza kuuchanga, wakawa wanakodisha au kupima kwa ujira. Muuza mbao anayemtuma mtu kupima zege la mteja kabla ya kupakia gari atapoteza mauzo machache mwezi huu. Lakini hatatajwa katika kesi ya mwakani, na mteja aliyeambiwa ukweli hurudi na ndugu zake.

Rafiki yetu wa Kariakoo hakwenda mahakamani. Ameng'oa sakafu yote, amesaga gundi na tabaka la juu, amefunga madirisha na kuwasha kiyoyozi ambacho mlinzi analala karibu nacho. Tulipompitia wiki iliyopita, matundu matatu ya kupimia yalikuwa sakafuni na vizibo vyake, na daftari la mauzo ya vipuri lilikuwa limegeuzwa upande wa nyuma kuandikwa vipimo. Tundu la karibu na bafu lilisoma asilimia 84. Ameagiza epoksi. Mbao mpya bado zimefungwa kwenye chumba cha pili, na mpangaji aliyetaka kuingia tarehe mosi ameambiwa asubiri.